Mkebe wa Pili Kutoka Mlangoni

Watu wa upande ule wa Mitaboni wakitaka kujua kama chakula cha sherehe kimeiva, hawaangalii sufuria. Wanamwangalia Mukai. Akiwa bado ameinama na mwiko mkononi, wazee wanaendelea na hadithi zao na watoto wanaendelea kufukuzana nyuma ya nyumba. Akisimama wima na kujifuta kiganja kwenye leso aliyojifunga kiunoni, hapo hata bila kuambiwa watu wanaanza kusogeza viti.

Kiganja ndicho kijiko chake. Anatia mchuzi kidogo katikati ya mkono wa kushoto, anaupuliza, anaulamba, halafu anafumba macho. Anakaa hivyo kitambo. Wakati huo hakuna anayemsemesha. Siku moja Justus, jirani mwenye pikapu ya kubeba avokado, alishindwa kuvumilia.

"Mama Muema, huwa unaenda wapi ukifumba macho hivyo?"

"Naenda chini na hiyo chakula," Mukai alimjibu bila kufumbua. "Nikiona imefika salama, narudi kuwaambia."

Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anatania sana. Ndivyo alivyohisi kweli. Punje ya mbaazi ikipita kooni alikuwa anaifuata kama mtu anayeteremka njia ya kwenda mtoni, anajua kila kona, na ikifika chini anajua kama imeiva, kama moshi umeingia, kama mpishi alikuwa na hasira.

Aliyemfundisha ni mama yake, aliyekuwa mwonjaji kabla yake. Mukai alikaa shuleni miaka miwili tu, akatoka kabla herufi hazijamkaa kichwani, kwa hivyo mengi aliyafundishwa jikoni. Na jambo moja mama yake alilirudia mpaka likawa kama mfupa ndani yake: mwonjaji hatemi. Ukitema mbele ya watu wenye njaa, umewaambia chakula ni kibaya, hata kama ni moto tu uliokuunguza. Meza kwanza, halafu useme. Kwa hivyo kwa miaka karibu arobaini Mukai alimeza. Alimeza muthokoi mbichi, yale mahindi ya kukobolewa ambayo hayajaiva, alimeza mchuzi wenye chumvi ya kutoa machozi, na mara moja alimeza kipande cha mkaa, akasema, "Iko sawa, toeni tu mkaa."

Jikoni kwake kulikuwa na rafu moja ya mbao, na juu yake mikebe mitatu. Ilikuwa mikebe ya maziwa ya watoto, iliyobaki tangu wajukuu wakiwa wadogo, yote ya rangi moja, na maandishi yake Mukai hakuyahitaji. Wa kwanza kutoka mlangoni ni chumvi. Wa pili ni magadi. Wa tatu ni majani ya chai. Aliweza kuingia pale kabla hakujapambazuka, bila taa, akanyoosha mkono na kuchukua anachotaka. Magadi ndiyo aliyoichukua sana, kwa sababu mbaazi na mahindi makavu bila magadi ni mawe. Na hata magadi alikuwa na njia yake. Hakuitupa tu kwenye sufuria kama wengine. Aliiyeyusha kwenye kikombe, akaacha mchanga utulie chini, akaonja yale maji ya juu kujua ukali wake, ndipo akayamimina.

Alikuwa akiishi na Ndunge, mke wa mwanawe Muema. Muema mwenyewe alikuwa kiwandani Athi River na alirudi mwisho wa mwezi. Ndunge alikuwa mtu wa mikono isiyotulia. Mwaka ule alijiunga na kikundi cha kina mama cha kutengeneza sabuni, na nyumba nzima ikaanza kunukia malimau ya dukani. Sabuni ya mche haiwezi kuwa sabuni bila kostiki, zile chembe nyeupe zinazokula mafuta na kuyageuza, na kostiki aliuziwa kwa kupimiwa, kwenye mfuko usio na neno lolote. Mfuko ulipotoboka, Ndunge alitafuta kitu chenye mfuniko wa kubana. Akapata mkebe wa nne wa maziwa, uliokuwa umekaa bure chini ya kitanda.

Hakuwa mzembe. Alivaa glavu akiushika, na mkebe aliuweka stoo, juu kabisa, mahali ambapo mtoto hawezi kufika.

Halafu mvua ya Novemba ikaja na upepo wake. Usiku bati la stoo lilivuja, na kostiki ikipata maji inayeyuka na kuharibika. Ndunge alitoka na leso kichwani, akauokoa mkebe, akauingiza jikoni na kuusukuma kwenye rafu, palipokuwa na nafasi, katikati ya chumvi na magadi. Kesho nitautoa, alijiambia. Akarudi kulala.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka kutoka vilimani mpaka kwenye ua, mzito, ng'ombe wa jirani anasikika tu haonekani. Siku hiyo kwa Kaluki, nyumba ya tatu kutoka kwao, walikuwa wanangojewa wageni wa kuleta mbuzi za kumposa binti yao Tracy. Mukai aliamka mapema kuliko jogoo. Aliingia jikoni bila taa, akahesabu kwa kidole: mmoja, wa pili. Akaufunga mkebe wa pili kwenye leso, akaingia kwenye ukungu kama anayeingia majini.

Kwa Kaluki moto ulikuwa umeshawaka na sufuria kubwa ya isyo, mahindi na mbaazi, inatokota. Mukai alifungua mkebe. Vitu vya ndani vilikuwa vyeupe kuliko alivyozoea, lakini si magadi ya siku hizi inauzwa safi? Akatia vijiko viwili kwenye kikombe cha udongo wa rangi, kile chenye maua ya buluu, akamimina maji ya mtungi, akakoroga. Akangoja.

Kikombe kikapata joto mkononi mwake.

Hilo alilikumbuka baadaye mara nyingi sana. Maji aliyachota baridi, na moto ulikuwa hatua nne kutoka pale. Bado kikombe kilimpasha joto viganja polepole, vizuri, kama kifaranga kilichotulia mikononi, na katika ubaridi ule wa ukungu alikishika zaidi. Wageni walikuwa wamewahi kufika. Walikuwa wameketi ng'ambo ya moto, wakimtazama, na Kaluki alikuwa anawaambia, "Huyo ndiye Mama Muema. Akisema tukule, tutakula."

Mukai akapiga funda.

Kwanza ilikuwa utelezi, kama ameweka mdomoni kipande cha sabuni. Halafu moto. Mwili wake wote ulimwambia tema. Lakini mbele yake kulikuwa na nyuso za wageni, na ndani yake kulikuwa na mama yake. Alimeza.

"Mama Muema?" Kaluki aliuliza. "Mbona umenyamaza? Magadi imezidi?"

Mukai alipiga magoti. Kikombe kilianguka, maji yakamwagika majivuni. Mate yalianza kumtoka asiweze kuyazuia wala kuyameza.

Watu wakaruka wote kwa pamoja. "Maziwa! Leteni maziwa!" "Mtapisheni, tieni kidole!" "Yai bichi, yai bichi inavuta sumu!" Na nyuma yao sauti moja ya chini, ya mgeni, ikasema, "Kuna mtu ametia kitu hapa." Hapo macho yalianza kupita kutoka kwa mwanamke mmoja hadi mwingine pale motoni, na kila aliyeguswa nayo alirudi nyuma kidogo.

Ndunge alikuwa anaingia langoni na sahani kichwani. Aliona mama mkwe wake chini, na kando ya goti lake mkebe uko wazi, chembe nyeupe zinang'aa. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua.

"Aiya!" alilia, na sahani zikaanguka zote. "Mwacheni! Msimtapishe! Ni kostiki yangu, ya sabuni! Ikipanda tena itamchoma mara ya pili!"

"Kwa nini kostiki iko—" Kaluki alianza.

"Nitaeleza kwa gari! Maji safi! Si ya kunywa, ya kusukutua!"

Alimshika Mukai kichwa, akamsukutua mdomo, akamwagia maji kwenye vidole na kidevu tena na tena. Aliyekuwa na kikombe cha maziwa aliambiwa akae nayo. Justus alikuwa amepakia kreti za avokado za kupeleka sokoni. Alizishusha kwa teke, avokado zikabingirika uani, akawasha pikapu.

Ndunge alirudi mbio mara moja tu. Aliufunga mkebe na kuubeba.

Njia yote ya kwenda Machakos Mukai alikaa wima kwa nguvu za Ndunge. Hakuona barabara. Aliona weupe tu, na ndani ya weupe mikaratusi ikija moja moja na kuondoka bila haraka, kama watu wanaotoka kanisani. Maumivu yalikuwa makubwa hivi kwamba yalionekana ya mtu mwingine aliyekaa karibu naye sana.

"Mama Muema, usilale," Justus alisema. Alijaribu kucheka. "Hujaniambia kama hiyo chakula imefika."

Alitaka kumjibu. Sauti haikuwepo. Aliteremka kuitafuta kwa macho yaliyofumba, kwenye ile njia yake ya siku zote, na akaikuta inawaka pande zote mbili.

Hospitalini, muuguzi aliyewapokea aliitwa Peris, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi. Hakupiga kelele wala hakushangaa.

"Alikunywa nini? Kiasi gani? Saa ngapi?"

Ndunge aliweka mkebe mezani. Peris aliufungua, akatazama, akaufunga kwa uangalifu.

"Afadhali mmekuja nayo. Wengi hutuletea hadithi. Mmempa kitu? Maziwa? Mafuta?"

"Maji ya kusukutua tu. Walitaka kumtapisha nikakataa."

"Nani alikufundisha?"

"Kwa kikundi. Siku ya kwanza." Ndunge akaanza kulia. "Siku ya kwanza walitufundisha pia kuandika jina kwenye mkebe. Nikajua mimi naijua, kwa hivyo imetosha."

Peris hakumkemea. Alimshika bega akamsogeza kando, kwa sababu daktari alikuwa amefika. Daktari alichungulia kinywa, akasikiliza shingo na kifua, akamwambia Mukai atoe sauti, hata ndogo. Alitaka kujua kama njia ya hewa imevimba. Walimwekea hewa ya mashine puani na dripu mkononi, wakamchoma sindano ya maumivu. Hakuruhusiwa kupitisha kitu chochote mdomoni, hata tone. Kesho yake asubuhi walimlaza usingizi mwepesi na kuingiza kamera, nyembamba kama mrija, kuangalia huko ndani.

"Koo limeungua," daktari aliwaambia. "Halijatoboka. Hiyo ndiyo habari njema. Hiyo nyingine tutaijua baada ya wiki kadhaa, kidonda kikianza kupona. Kidonda cha koo kikipona vibaya kinajikunja, na njia inakuwa ndogo."

Walimpitishia mpira mwembamba puani mpaka tumboni. Kuanzia hapo Mukai alianza kuishi bila kuonja.

Siku za wodini hazikuwa na mwanzo wala mwisho. Dirisha lilikuwa upande wa vilima, na asubuhi vilima vilikuwa havipo, saa nne vinaanza kutokea, jioni vinageuka zambarau na kuzama tena. Saa za chai toroli ilipita ikiimba na vikombe vyake. Wagonjwa wengine walikula. Mukai alifumba macho na kushuka na chakula cha wengine. Alijua mkate wa kitanda cha saba umelala siku mbili. Alijua maharagwe ya Jumatano hayakulowekwa. Lakini harufu ilimfikisha mlangoni tu. Ndani hakuingia.

Aliota sana. Aliota ile njia ya mtoni nyasi zimeota kutoka pande zote, zinakutana katikati, na mama yake yuko chini kabisa anatwanga mahindi ya muthokoi, kinu kinasikika du, du, du, lakini kila Mukai akipiga hatua nyasi zinafika kiunoni, zinafika shingoni. Akiamka alikuta kile kinu ni moyo wake mwenyewe.

Ndunge alikuja kila siku. Alifundishwa na Peris kupitisha maziwa na uji mwepesi kwenye mpira kwa bomba la sindano, polepole, mkono umeinuliwa. Kwa siku nyingi hakuweza kumtazama mama mkwe wake machoni. Siku moja aliweka bomba chini.

"Mwaitu," alisema, yaani mama yangu, kama alivyomwita siku zote. "Nipige hata kofi. Muema ananiambia kwa simu nisilie, wewe hauongei, mimi nitafanya nini? Nipige tu."

Mukai alikuwa amekatazwa kusema sana. Aliangalia kimeza cha kando ya kitanda. Kulikuwa na vikombe vidogo vya dawa. Alivichukua vitatu, akavipanga kwenye blanketi juu ya miguu yake. Akagusa cha kwanza, akajifanya ananyunyiza kitu: chumvi. Akagusa cha pili, akakoroga hewani: magadi. Cha tatu akajifanya anapuliza chai. Halafu akachukua kikombe cha nne na kukipenyeza katikati, akamwonyesha Ndunge kidole. Ndunge akainamisha kichwa. Lakini Mukai hakuwa amemaliza. Alifumba macho, akanyoosha mkono kama mtu gizani, akakichukua kile kikombe kilichoingia, akanywa hewa. Akajipiga yeye mwenyewe kifuani.

Ndunge alielewa. "Lakini mimi ndiye niliweka."

Mukai akanong'ona, kama majani makavu, "Na mimi ndiye nilimeza."

Peris, aliyekuwa anabadilisha dripu kitanda cha pili, alisema bila kugeuka, "Nyinyi mkimaliza kugawana makosa, mnirudishie vikombe vyangu."

Walimtoa mpira wiki ya tatu. Maji yakapita. Uji ukapita. Alirudi nyumbani, na Kaluki akaja na avokado iliyopondwa kama ya mtoto mchanga, akakaa naye uani.

"Ile siku ya mbuzi watu walikula mchele mtupu," Kaluki alisema. "Isyo tulimwaga yote, na sufuria tukaisugua mara tatu, hata kama haikuguswa. Sasa harusi ni Aprili. Nimewaambia bila wewe hatupiki."

"Nitakuja," Mukai alinong'ona.

Lakini wiki ya tano uji ulianza kukwama. Ulifika katikati ya kifua, ukasimama, ukafikiri, ukarudi. Wiki ya sita hata maji yalirudi. Ndunge alimrudisha mjini, kamera ikaingia tena, na daktari akachora kwenye karatasi: mrija mpana, na katikati mahali palipobanwa kama kiuno cha nyigu.

"Kovu linavuta," alisema. "Tutapanua kwa puto. Tunaliingiza likiwa limenywea, tunalijaza, linasukuma pole pole, tunalitoa. Halafu wiki mbili baadaye tena. Mara nyingine tena. Sitaki kukudanganya, mama. Makoo mengine yanakubali, mengine yanajifunga kila tukigeuka. Tukijaribu mara tano na likakataa, tutaweka mpira wa kudumu hapa tumboni."

"Na ulimi?" Mukai aliuliza.

"Ulimi utabaki nao. Lakini chakula hakitapitia huko."

Alirudi nyumbani. Jioni alikaa kwenye kizingiti cha jikoni. Mpira wa tumboni ungemweka hai, hilo alilielewa. Watu wanaishi nao, wanalima, wanacheka. Lakini mwonjaji ambaye chakula hakishuki ni nani? Angesimama pale motoni na kiganja chake, alambe, ateme. Ateme! Alijisikia amepotea kama mtu aliyesahau jina la kijiji chake.

Mara ya kwanza puto lilisaidia siku nne. Mara ya pili, siku sita. Mara ya tatu ilikuwa mbaya, aliamka na maumivu ya kifua, wakamlaza usiku mmoja kuhakikisha hakuna kilichopasuka, na kwa wiki nzima alimeza maji tu, tone kwa tone, akiyahesabu. Alikuwa amekonda hivi kwamba leso ilimzunguka mara mbili. Justus, aliyewapeleka kila safari, alijaribu kumchokoza.

"Mama Muema, siku hizi pikapu haijui kama uko ndani. Inaniuliza, dere, mbona tunaenda mjini tupu?"

"Iambie nilishuka kidogo," Mukai alimjibu. "Nitarudi."

Mara ya nne ilikuwa mwisho wa Februari. Dawa ya usingizi iliingia mkononi kama maji ya baridi, dari ikawa ukungu, na ukungu ukawa ule wa nyumbani. Alikuwa juu ya njia. Safari hii alikuwa na panga. Alifyeka, na nyasi zilianguka bila kelele. Kwenye kona, mahali pale palipobana, alimkuta Ndunge amevaa viatu vya mpira na glavu zake ndefu, ameinama, anasugua mawe kwa sabuni, povu jeupe linateremka mpaka mtoni. "Pita, Mwaitu," Ndunge alisema bila kuinua kichwa, "lakini pole pole, panateleza." Mukai akapita. Hakumwona mama yake, ila kinu kilisikika karibu sana.

Baada ya safari hiyo uji haukurudi siku nne, wala sita, wala kumi. Walifanya mara ya tano, na daktari alipotoa kamera alitikisa kichwa kwa namna ambayo Ndunge, aliyekuwa mlangoni, aliogopa kwanza kabla ya kuona anatabasamu.

"Koo limekubali," alisema. "Sijui kama ni la milele. Tutakuwa tunaliangalia. Vitu laini kwanza. Ukifika kwa vigumu, tafuna mpaka viwe uji. Punje moja moja. Na mama, magadi usionje tena."

Siku ya harusi ya Tracy hakukuwa na ukungu. Kulikuwa na jua la baada ya mvua, na uani kwa Kaluki udongo ulikuwa mwekundu na laini, viti vya kukodi vinazama miguu. Wanawake walikuwa wamepika isyo tangu alfajiri. Mukai alifika amemshika Ndunge mkono. Watu walimwachia tu njia mpaka kwenye sufuria, na kelele zote za uani zikapungua bila mtu kuzinyamazisha.

Alichota kwa mwiko, akadondosha katikati ya kiganja: mchuzi kidogo, na punje moja ya mbaazi. Kwa miezi mitano hakuwa amemeza kitu chenye umbo. Aliangalia ile punje. Ilikuwa ndogo, ya kahawia, ngozi yake imepasuka ubavuni. Aliipuliza. Ndunge alikuwa amesimama karibu, kikombe cha maji mkononi.

Akailamba. Akatafuna, akatafuna mpaka Justus kule nyuma akaguna, "Kwani ni mfupa?" na mtu akampiga kiwiko. Akafumba macho.

Akameza.

Ilianza kuteremka. Aliifuata. Ilipita shingo, ikafika kwenye kona, pale pale, na ikasimama. Aliisikia imesimama, ndogo, inasubiri. Hakuisukuma. Hakunywa maji. Alingoja pamoja nayo, kwenye giza lile la joto alilolijua, na kwa mbali alisikia mtoto analia na bati linapata joto na kutoa mlio. Halafu mawe yakateleza kidogo, na punje ikapita. Ikashuka. Alienda nayo mpaka chini kabisa.

Alikaa huko kitambo. Watu walifikiri ameumia. Kaluki alifunika mdomo.

Mukai akafumbua macho, akasimama wima, akajifuta kiganja kwenye leso.

"Chumvi haijafika," alisema.

Kicheko kilichotoka kilifukuza kuku. Kaluki alipiga kigelegele, wengine wakapokea, na Justus akapaza sauti, "Na chakula? Imefika?"

"Imefika," Mukai alimjibu. "Nimeiacha imekaa."

Ndunge alikuwa tayari ameleta mikebe kutoka nyumbani, imefungwa kwenye leso. Kostiki haikuwa tena katika nyumba ile, ilikuwa kwenye sanduku la kikundi lenye kufuli. Na kila mkebe uliobaki alikuwa ameuvisha kamba ya katani shingoni yenye mafundo: fundo moja chumvi, mawili magadi, matatu majani. Alikuwa amezifunga mwenyewe, akamfundisha mama mkwe wake kuzisoma usiku, taa imezimwa.

Ulikuwa mchana mweupe, na mkebe wa chumvi uliletwa ukiwa wazi, kila mtu aliona ni chumvi. Mukai aliushika hata hivyo. Kwanza alipitisha kidole gumba kwenye kamba, mpaka mwisho, na kurudi. Fundo moja. Ndipo akachota.